Bosi anataka majina ya waliolia mbele yangu

SWALI

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, nimeolewa, nina watoto wawili na naishi South B. Kwetu ni Wundanyi. Nilisoma saikolojia chuo kikuu, kisha nikarudi darasani jioni kufanya uzamili wa saikolojia ya kazi na mashirika. Karo nililipa kwa mkopo wa chama, na mkopo huo niliumaliza mwaka jana tu.

Huu ni mwaka wangu wa nne katika kampuni inayokopesha wafanyabiashara wadogo. Makao makuu yako Westlands, matawi ni kumi na moja. Waliniajiri baada ya maafisa wanne wa mikopo kuacha kazi mwezi mmoja, na wa tano kuzirai mbele ya wateja. Barua yangu ya ajira ilikuwa na mstari mmoja tu kuhusu kazi yenyewe: "Mwanasaikolojia wa kazini, pamoja na majukumu mengine atakayopewa." Sikuusoma mara mbili. Nilifurahi kuona neno mwanasaikolojia limechapishwa kando ya jina langu.

Mwaka wa kwanza nilikuwa na chumba. Kilikuwa kidogo, viti viwili, meza, pazia, na mlango unaofungika. Watu walikuja. Afisa wa mikopo hapa Nairobi anashinda juani akidai watu pesa, na mteja akihama usiku kutoka Kayole, deni linabaki shingoni mwa afisa hadi mwisho wa mwezi. Niliwasikiliza, waliohitaji daktari niliwaelekeza hospitali, na kila baada ya miezi mitatu niliandikia kampuni ripoti isiyo na majina.

Kisha majukumu mengine yakaanza kuja. Niliombwa kutunga maswali ya usaili, nikatunga. Niliombwa kukaa kwenye usaili wenyewe, nikakaa. Nikapewa safari ya wafanyakazi ya Naivasha, kuanzia basi hadi fulana. Keki za siku za kuzaliwa ni zangu. Mwaka juzi nikaanza kuitwa kwenye kamati ya nidhamu, "uwepo tu, utusaidie kutuliza hali." Chumba changu kimekuwa stoo ya helmeti za pikipiki na vipeperushi, nami nimehamishiwa meza iliyo mkabala na idara ya wafanyakazi. Mtu akitaka kuzungumza nami tunakutana kwenye ngazi, au kibandani nyuma ya jengo wakati wa chakula cha mchana, yeye na sahani yake ya githeri, mimi na yangu, huku tukiangalia nani anapita.

Sijui tena mimi ni nani pale. Wengine huniita Daktari. Wengine "yule wa HR." Mlinzi wa lango huamini mimi ni kasisi. Mama yangu huwaambia watu kanisani kwamba binti yake ni daktari Nairobi, na mwezi uliopita alinipigia kuniuliza dawa ya presha.

Mkataba nao umekuwa ukipungua. Miwili ya kwanza ilikuwa ya mwaka mmoja mmoja, wa tatu ukawa wa miezi sita, nao ukaongezwa mara moja. Tangu Januari nalipwa kama mshauri wa kujitegemea: wanakata kodi ya asilimia 5 na basi, hakuna makato ya NSSF ya pensheni wala SHA ya bima ya afya. Lakini bado nabonyeza kidole kwenye mashine ya mlangoni saa mbili kamili kama kila mtu, na nikitaka kwenda kliniki na mtoto lazima niombe ruhusa.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikuandikie. Kampuni inapunguza wafanyakazi. Wiki mbili zilizopita mkuu wa idara ya wafanyakazi aliniita, akafunga mlango, akasema wanataka kujua ni nani ambao hawataweza kuhimili presha ya mpangilio mpya. "Wewe unawajua. Nipe majina tu, sihitaji kujua shida zao." Kabla sijajibu akaongeza kwamba mkataba wangu unaisha tarehe 31 mwezi ujao, na wangependa kuona jinsi ninavyoisaidia kampuni.

Mama, sikusema hapana. Nilisema nitaangalia.

Usiku ule niliketi jikoni nikaandika majina. Yalifika kumi na moja. Nikayatazama, nikaichana karatasi vipande vidogo na kuimwagia maji. Asubuhi yake, mmoja wa hao kumi na moja alinisalimia kwenye foleni ya chai akaniuliza kama tunaweza kuongea Alhamisi. Nilimwambia ndiyo. Nilishindwa kumtazama usoni. Alhamisi hiyo niliisogeza mbele kwa kisingizio, na nimeshaisogeza mara mbili.

Mume wangu ana duka dogo la vipuri vya magari Kirinyaga Road. Biashara iko chini. Hajui kwamba mkataba unaisha, wala hajui kuhusu majina. Nikikataa nitapoteza kazi, na karo ya muhula wa tatu inakuja. Nikikubali sijui nitajiita nani. Je, hili ni mojawapo ya majukumu mengine? Na je, mimi bado ni mwanasaikolojia, au nimebaki mfanyakazi wa kila kitu?

Asiyejua meza yake,
South B

JIBU

Marahaba mwanangu.

Usitoe majina. Usitoe hata moja, usitoe kwa mdomo, usitoe kwa kuashiria nani "amtazame kwa karibu." Nimeanza hapa kwa sababu hili halisubiri tarehe 31, na mengine yote uliyoniuliza yanasimama juu yake.

Nilifanya kazi katika idara za wafanyakazi miaka mingi kabla ya kuanza safu hii, kwa hiyo namjua huyo mkuu wako bila kumjua. Pengine hata si mtu mbaya. Ameambiwa apunguze watu, hana kipimo cha kuwapunguza, na akakumbuka kwamba kuna mtu mmoja jengoni ambaye watu wanamwambia ukweli. Njia anayoitaka ni fupi. Lakini sheria imeshampa kipimo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inasema anayepunguza wafanyakazi aangalie muda ambao mtu ametumikia, ujuzi wake, uwezo wake na jinsi anavyotegemewa. Amwandikie kila anayehusika, na afisa wa leba pia, mwezi mmoja kabla, na amlipe mtu si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili alioutumikia. Nani alilia mbele ya mwanasaikolojia hakumo humo. Na kifungu cha 5 cha sheria hiyo hiyo kinakataza ubaguzi kazini, na katika orodha ya mambo ambayo mtu hapaswi kubaguliwa kwayo, hali ya akili imetajwa kwa jina. Orodha aliyokuomba ingekuwa ushahidi dhidi ya kampuni siku ile mmoja wa hao kumi na moja atakapofika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi pale Milimani. Nayo ingekuwa kwa mwandiko wako.

Kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019 pia. Hiyo inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti, na haiachi ishikwe na yeyote tu: anayeishughulikia awe mtoa huduma ya afya au mtu aliyefungwa na wajibu wa kutunza siri. Katiba yenyewe, ibara ya 31, inamlinda mtu asilazimishwe bila sababu kufichua mambo yake ya binafsi. "Nipe majina tu, sihitaji shida zao" si utetezi. Jina likitoka mikononi mwako, limeshatoka na maana yake. Hata kuthibitisha kwamba fulani aliwahi kuketi kwenye kiti chako ni kutoa siri.

Tatizo lako kubwa wiki hii ni lile neno "nitaangalia." Naelewa lilivyokutoka. Mtu amefunga mlango, ametaja tarehe ya mwisho ya mkataba wako kwa pumzi moja na ombi lake. Ni wachache wangesema hapana papo hapo. Lakini yeye sasa anasubiri. Mwandikie barua pepe kabla ya Jumatano, fupi, ya heshima, isiyomshtaki. Ungeweza kusema hivi: "Nimelifikiria ombi lako la tarehe fulani. Walionijia walikuja kwa ahadi ya usiri, na maadili ya taaluma yangu pamoja na sheria hayaniruhusu kutoa majina yao wala kuthibitisha nani alikuja. Ninachoweza kukupa ni ripoti isiyo na majina kuhusu mambo yanayowalemea wafanyakazi na jinsi mpangilio mpya unavyoweza kuyapunguza. Naweza kuileta kufikia Ijumaa ijayo." Usiongeze neno. Usieleze jinsi ulivyoumia. Nakala ya barua hiyo ibaki nawe.

Halafu iandike kweli hiyo ripoti, na uiandike vizuri kuliko zote ulizowahi kuandika, maana ndiyo itakayomwonyesha anachonunua kwako. Waambie habari za malengo ya mwisho wa mwezi, za deni kubaki shingoni mwa afisa mteja akihama, za watu kutumwa kudai pesa jioni mahali ambapo wao wenyewe wanaogopa kupita. Hayo yanarekebishika. Lakini uwe mwangalifu na hesabu ndogo. Tawi likiwa na watu wanne, ukiandika "afisa mmoja wa tawi hilo hapati usingizi," umeshamtaja. Changanya matawi.

Sasa Alhamisi. Usiisogeze tena. Huyo mtu amekuomba mara tatu kwa hesabu yangu, na anayeomba mara tatu ana jambo. Ila kama kufikia siku hiyo bosi hajaijibu barua yako, usimwache afunguke mbele yako kama kwamba hakuna kilichobadilika. Unajua kwamba jina lake linatafutwa. Mwambie kwa utulivu kwamba kwa sasa huwezi kumhakikishia usiri unaostahili ndani ya ofisi hii, na mpe jina na namba ya mshauri nasaha wa nje unayemwamini. Muulize pia kama yuko salama, kama ana mawazo ya kujidhuru, maana hilo halingoji swali la nani ameajiriwa na nani. Na ukimsikiliza wewe mwenyewe, basi kabla hajaanza mwambie yale mawili matatu yanayoweza kuvunja siri: hatari kwa maisha yake, hatari kwa mtu mwingine, amri ya mahakama. Nina wasiwasi kwamba kule kwenye ngazi hujawahi kuyasema haya kwa miaka miwili.

Kuhusu kamati ya nidhamu nitakuwa mkali kidogo, mwanangu, na nakuomba univumilie. Hapo ulikosea kuingia. Mtu anakueleza Jumatatu kwamba anakunywa ili apate usingizi, na Ijumaa anaingia kujitetea kwa kuchelewa kazini, anakukuta umekaa upande wa pili wa meza. Hata usiposema lolote, yeye amekuona. Atawaambia wenzake, na wenzake watakunyamazia. Ikiwa siku hizi wanaokuja ni wachache, usiilaumu ile stoo ya helmeti peke yake. Jiondoe kwenye kamati hiyo, kwa maandishi pia, na sababu moja inatosha: anayesikiliza hawezi kuhukumu.

Swali lako la kama haya ni "majukumu mengine" ndilo lililonikalia kichwani siku mbili. Nimeona mstari huo katika mamia ya barua za ajira. Niliandika baadhi yake mwenyewe, kwa mkono huu, na najuta. Mwajiri huuweka ili mtu asikatae kubeba kiti siku ya mkutano. Lakini kwa kazi kama yako, ambayo mkubwa haioni kwa macho, mstari huo hula kazi nzima. Mhasibu akipewa keki za siku za kuzaliwa, vitabu vya hesabu bado vitamdai arudi mezani. Wewe nani anakudai? Aliyepata nafuu hasemi. Aliyeacha kuwaza kujidhuru hapeleki barua ya shukrani kwa meneja mkuu. Kinachoonekana ni keki na basi la Naivasha, na siku ya kupunguza gharama mtu anauliza kwa haki kabisa: kwani keki haziwezi kuagizwa na mtu mwingine?

Na jambo hili ni la zamani katika taaluma yenu, huenda ulilisoma ukalisahau. Kiwanda cha Hawthorne cha kampuni ya Western Electric, karibu na Chicago, kile cha majaribio maarufu kuhusu kinachowafanya wafanyakazi wazalishe zaidi, ya miaka ya 1924 hadi 1932, baadaye kiliajiri watu wa kuwasikiliza wafanyakazi, kuanzia 1936. Hawakuwa na mamlaka ya kumwamuru wala kumwadhibu mtu, na walichoambiwa kilikuwa siri. Mpango huo ulidumu miaka ishirini, ukafungwa 1956. Swali la hasa kazi yao ni ipi lilikaa nao miaka hiyo yote. Nakutajia haya ili usidhani kwamba umekanganyikiwa kwa sababu wewe ni dhaifu. Kiti ulichokalia kina miguu miwili upande wa mwajiri na miwili upande wa mfanyakazi, na tangu mwanzo kinayumba kama hakuna aliyeandika kinapoishia.

Basi andika wewe. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi, na yakibadilika, yabadilishwe kwa kushauriana naye na ajulishwe kwa maandishi. Usingoje wakuandikie. Chukua ukurasa mmoja. Sema unachofanya: kusikiliza, kuelekeza watu kwa matibabu, kufundisha mameneja jinsi ya kumpokea mtu aliyeelemewa, kushauri jinsi kazi inavyopangwa, na usaili kama unaupenda, kwa sharti kwamba hutawapima watu ambao umeshawasikiliza. Sema usichofanya: nidhamu, majina, safari, keki. Sema unahitaji chumba chenye mlango, na kabati lenye ufunguo ulio nao wewe peke yako. Sema nani anakusimamia kwa mambo ya likizo na mahudhurio, na nani anakusimamia kitaaluma. Huyu wa pili hapaswi kuwa mkuu wa idara ya wafanyakazi. Awe mwanasaikolojia mzoefu wa nje, unayemwona hata mara moja kwa mwezi. Katika barua yako yote sikuona mtu kama huyo. Miaka minne umebeba machozi ya matawi kumi na moja na hakuna aliyekuuliza wewe unalala vipi.

Hukuniambia pia kama umesajiliwa. Tangu Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014, taaluma yenu ina Bodi yake ya kusajili na kutoa leseni. Kama bado hujasajiliwa, anza mchakato huo sasa, na ulizia pia chama chako cha kitaaluma kwa wenzako waliowahi kubanwa hivi. Ukimwambia bosi "sipendi," atabishana nawe. Ukimwambia "leseni yangu hainiruhusu," itabidi abishane na Bodi.

Nije kwenye mkataba, na hapa sitakudanganya. Unaweza kufanya yote niliyosema, kwa uzuri wote, na tarehe 31 wakakuaga. Mkataba wa muda maalumu ukifika mwisho wake huisha wenyewe, na mahakama zetu kwa kawaida hazimpi mtu haki ya kuongezewa mwingine isipokuwa mwajiri alimpa ahadi au alitenda kwa namna iliyomfanya aitegemee. Ila kesi yako ina jambo la kuangaliwa na wakili. Kukuita mshauri wa kujitegemea na kukukata asilimia 5 hakumalizi mjadala. Mahakama huangalia kazi ilivyo hasa: nani anapanga saa zako, nani anatoa ruhusa, kama kazi yako ni sehemu ya shughuli za kampuni kila siku. Kile kidole chako cha saa mbili asubuhi kinasema mengi. Kusanya barua zote za mkataba tangu wa kwanza, hati za malipo, barua pepe za kuomba ruhusa, tarehe na maneno ya yule mkuu alipofunga mlango. Yaandike leo ungali unayakumbuka. Afisa wa leba hupokea malalamiko ya kuachishwa ndani ya miezi mitatu, kwa hiyo usikae na uchungu hadi mwaka upite.

Lakini faili za wafanyakazi usizibebe nyumbani. Naona watu wakifanya kosa hili kwa nia njema. Zile kumbukumbu za ulichoambiwa si ushahidi wako wa kesi ya ajira. Ukiondoka, makubaliano yawe kwamba zinakabidhiwa mtaalamu mwingine aliyesajiliwa, au zinafungwa kwa utaratibu unaokubalika na Bodi, na kamwe zisiingie kwenye kabati la idara ya wafanyakazi. Hili nalo litie kwenye ule ukurasa mmoja, kabla ya tarehe 31, ukiwa bado una sauti mle ndani.

Wakati huo huo anza kuuliza nje. Kampuni nyingi za mji huu hazitaki mwanasaikolojia wa kudumu, hununua saa zake kutoka nje. Mtu aliyekaa miaka minne na maafisa wa mikopo anajua jambo ambalo sako na benki ndogo ndogo zinalihitaji. Siku mbili kwa wiki mahali pamoja, moja mahali pengine, hazitakuwa mshahara uliouzoea mara moja, lakini mwenye wateja watatu hatishwi kirahisi na mmoja.

Swali lako la mwisho, kama wewe bado ni mwanasaikolojia. Mwaka 1984 watafiti wawili, Leonard Greenhalgh na Zehava Rosenblatt, waliandika kuhusu hofu ya kupoteza kazi, na jambo walilolisisitiza ni kule kujiona huna uwezo wa kufanya lolote kuilinda. Ndivyo ulivyonisikikia katika barua yako, mtu ambaye mambo yanamfanyikia. Wamekunyang'anya chumba, wamekuletea keki, wamepunguza miezi. Kisha nikafika kwenye ile karatasi uliyoichana jikoni. Hakuna aliyekuamuru kuichana. Bosi hakuwepo, Bodi haikuwepo. Nimeisoma sehemu hiyo mara tatu, na sina shaka ni mwanasaikolojia aliyeketi pale.

Kuhusu mume wako: unaogopa kumwongezea mzigo na duka liko chini. Lakini yeye anapanga karo ya muhula wa tatu akihesabu mshahara ambao huenda usiwepo, na kila siku unayonyamaza anazidi kukosea hesabu. Mweleze kuhusu tarehe na kuhusu kazi. Majina ya watu hana haja nayo, na hatakuuliza. Mngoje afunge duka, muende nyumbani pamoja kwa matatu moja, watoto wakishalala mketi jikoni pale pale ulipoketi usiku ule, umwonyeshe mkataba wa kwanza na huu wa sasa. Kama ni mtu wa vipuri, ataelewa upesi kilicholegea ni kipi.